Je, Newcastle imegeuka? Koo za kirusi, kasuku wa sokoni na chanjo ya kuku wetu

Wafugaji wengi wa Haut-Katanga wanauliza kama chanjo imeshindwa kwa sababu ugonjwa wenyewe si ule wa zamani. Makala hii inaeleza namna kirusi kinavyobadilika, kwa nini kasuku na njiwa wamo ndani ya jambo hili, na kazi gani koperative inaweza kufanya kabla ya kiangazi.

Wandugu wanamemba, kuna swali moja linalorudi kila mara wafugaji wa kuku wanapokutana, iwe ni Kipushi, Kasenga, Ruashi au upande wa Kafubu: “Tulichanja, na kuku ilikufa paka vile. Hii njo maladi mpya?”

Swali hili ni zuri na linastahili jibu kamili. Kwa kifupi, jibu lina sehemu mbili. Ndiyo, kirusi cha Newcastle kinabadilika, na kimebadilika hata hapa kwetu Congo. Lakini chanjo tulizo nazo bado zinamkinga kuku asife, kama zinamfikia zikiwa hai, kwa wakati wake, na kama jirani naye amechanja. Mara nyingi chanjo hufia njiani, kabla tone halijaingia katika jicho la kuku.

Ni lazima sehemu hizi mbili ziende pamoja. Mtu akisikia ya kwanza peke yake atasema: “Basi chanjo ni bure,” na hatatoa tena franka zake. Kiangazi kikifika, atapoteza kuku waliokuwa minervali ya watoto, dawa ya mgonjwa na kitoweo cha mgeni.

UGONJWA TUNAOUZUNGUMZIA

Newcastle ilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, karibu wakati mmoja katika kisiwa cha Java huko Indonesia na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Jina likabaki la mji ule. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita mdondo au kideri.

Dalili zake wafugaji wengi wanazijua. Kuku anasinzia, anashusha mabawa, anapumua kwa shida akifungua mdomo, anaharisha majimaji ya kijani. Wengine wanapooza miguu au shingo inajipinda. Tangu kirusi kiingie mpaka dalili zionekane hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kwenye banda lisilochanjwa, kirusi kikali kinaweza kuua karibu kuku wote. Hakuna dawa ya kuuponya. Antibiotiki haiui kirusi, hata kama muuzaji anakuapia.

Kirusi hiki hakichagui kuku peke yake. Kimeonekana kwa zaidi ya aina 200 za ndege: bata, batamzinga, kanga, njiwa, kwale, na kasuku pia. Ndiyo sababu huwezi kuelewa Newcastle ukiangalia banda la kuku tu.

UKOO WA KIRUSI NI NINI?

Kirusi ni kitu kidogo sana, hata darubini ya kawaida haikioni. Ndani yake mna maandishi ya urithi, yaani maagizo ya namna ya kujitengeneza. Maandishi ya kirusi cha Newcastle yana herufi karibu 15,200. Kikiingia ndani ya chembe hai ya mwili wa kuku, kinaifanya chembe hiyo ianze kuyanakili maandishi yale mara nyingi mno.

Sasa, kirusi hiki kinanakili haraka na hakirudi kusahihisha. Fikiria daftari la koperative yenu. Katibu wa kwanza akilinakili anaruka neno moja. Wa pili ananakili daftari la yule wa kwanza: anarudia kosa lile na kuongeza lake. Baada ya miaka mingi, daftari lililobaki Likasi na lile lililofika Kasenga hayatafanana. Lakini ukiyaweka yote mezani na kuyalinganisha kosa kwa kosa, utajua lipi lilitoka kwa lipi, na hata njia liliyopitia.

Hivyo ndivyo wataalamu wa labo wanavyofanya. Wanasoma sehemu moja ya maandishi ya kirusi iitwayo jeni la F, yenye herufi 1,662. Wanalinganisha kirusi cha hapa na cha kwingine. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana kanuni moja: vikundi vinavyotofautiana kwa kadiri ya herufi 10 katika kila 100 za jeni hilo huhesabiwa kuwa koo mbali mbali. Koo hizi wanaziita kwa namba za Kirumi: I, II, V, VII na kadhalika. Katika kundi kubwa linalotusumbua sisi wafugaji, zilihesabiwa koo 20.

Tofauti hizi zina uzito gani? Nyingi hazibadilishi kitu. Lakini kuna mahali pamoja kwenye jeni la F ambapo herufi chache zinaamua kifo au uzima. Protini F ni kama mkono wa kirusi wa kufungulia mlango wa chembe. Mkono huo unatengenezwa ukiwa umefungwa, na lazima ukatwe kamba ndipo ufanye kazi. Kwa virusi vipole, mkasi wa kukata kamba ile unapatikana tu kwenye njia ya pumzi na kwenye utumbo. Kirusi kinabaki huko, kuku anakohoa kidogo au haonyeshi lolote. Kwa virusi vikali, kamba imebadilika, na mkasi ulio karibu kila sehemu ya mwili unaweza kuikata. Hapo kirusi kinakwenda mpaka kwenye ubongo, na ndiyo maana shingo inajipinda.

Mabadiliko hayo si hadithi. Huko Australia, kuanzia mwaka 1998, mabanda ya kuku yalipatwa na Newcastle kali. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba kirusi hakikuja kutoka nje. Kilikuwa kirusi kipole cha nchini mwao, kilichokuwa kikiishi na kuku bila kuwaua, kikabadilika herufi chache tu mahali pale pa kamba.

RAMANI YA KOO KATIKA AFRIKA

Afrika ni moja ya sehemu za dunia zenye koo nyingi za kirusi hiki. Uganda, Kenya na Tanzania, ukoo wa V umeonekana mara nyingi. Madagascar wana ukoo wao, wa XI. Afrika ya Magharibi na ya Kati zimeonekana koo za XIV, XVII na XVIII. Kusini, katika nchi kama Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini, tawi moja la ukoo wa VII lilienea katika miaka ya 2010. Ndugu wa karibu wa tawi hilo walipatikana Asia ya kusini-mashariki, maana yake lilivuka bahari. Na ukoo wa VI umezoea njiwa: ulienea duniani pamoja na njiwa wa kufugwa tangu miaka ya 1980.

Je, Congo? Mwaka 2021, jarida la kisayansi la Viruses lilitoa utafiti juu ya virusi vya Newcastle vilivyochukuliwa kwa kuku wa nchi yetu miaka ya 2018 na 2019. Kazi ilifanywa na wataalamu wa labo kuu ya veterinere ya Kinshasa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani. Ndani ya virusi hivyo walikuta lahaja mpya, ambayo haikuwa imeandikwa popote kabla. Kwa hiyo mfugaji anayesema “maladi imegeuka” hasemi upuuzi.

Angalia pia mahali tulipo. Lubumbashi iko kwenye njia panda. Kuku wa kienyeji wanaingia mjini kutoka vijijini juu ya malori na baiskeli, miguu imefungwa, wa kijiji hiki wakichanganywa na wa kile. Upande wa kusini kuna mpaka wa Kasumbalesa, na biashara na Zambia hailali. Soko likiisha, kuku ambaye hakupata mteja anarudi nyumbani au anauzwa kwa bei ya chini kwa mwenye lupango jirani. Kirusi hakihitaji viza. Kinasafiri na kuku, na kinyesi kilichobaki kwenye kikapu, na matope ya kiatu.

KASUKU ANAINGIAJE HAPA?

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anatoka kwenye misitu mikubwa ya kaskazini ya nchi yetu, si kwenye miombo ya Katanga. Akionekana Lubumbashi, ameletwa. Na ndege anayeletwa kutoka mbali, akipitia mikono ya watu wengi, amekutana na ndege wengine wengi njiani.

Historia inatupa fundisho kali. Mwaka 1971, Newcastle kali iliingia California, Marekani. Chanzo kilifuatiliwa mpaka kwa kasuku walioletwa kutoka nje kwa biashara ya ndege wa kufuga nyumbani. Ili kuuzima ugonjwa, serikali ililazimika kuteketeza karibu kuku milioni 12, na kazi hiyo iligharimu dola milioni 56. Ilichukua mpaka mwaka 1974 kumaliza kabisa. Baada ya hapo, wachunguzi waligundua jambo la kutisha: baadhi ya kasuku wanaoambukizwa hawafi. Wanaweza kuonekana wazima, wanakula na kupiga kelele kama kawaida, huku wakitoa kirusi mara kwa mara kwa zaidi ya mwaka mzima.

Tufikirie hilo kwa lugha ya lupango. Kuku mgonjwa anajionyesha na anakufa kwa siku chache. Kasuku anaweza kukaa kwenye tundu barazani, watoto wakimfurahia, wakati maganda ya karanga na kinyesi chake vinaanguka chini pale pale kuku wanapochakura.

Ndiyo sababu tunasema: koperative isiruhusu ndege wa porini, kasuku au mwingine, kukaa mahali panapofugwa kuku. Kuna sababu nyingine pia. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliweka kasuku wa kijivu katika orodha ya viumbe wenye ulinzi wa juu kabisa. Tangu Januari 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini imekatazwa. Misitu imepoteza wengi mno. Anayemnunua njiani anasaidia kuwamaliza, na pengine analeta nyumbani ukoo wa kirusi ambao kijiji chake hakijauona.

USICHANGANYE NA UGONJWA WA MANYOYA

Watu walioona kasuku aliyenyonyoka manyoya huogopa kwamba kuku wao watafanya hivyo hivyo. Huo ni ugonjwa mwingine. Unaitwa ugonjwa wa mdomo na manyoya wa kasuku. Manyoya yanaota yakiwa yamepinda au yanadondoka, mdomo unarefuka vibaya na kuvunjika, mwili unapoteza nguvu za kupigana na magonjwa mengine. Kirusi chake ni kidogo kuliko cha Newcastle: maandishi yake yana herufi karibu 2,000 tu, zilizofungwa kama pete. Hicho nacho kinabadilika haraka na kina matawi mengi, na matawi hayo yamesambaa na biashara ya ndege. Ulionekana hata kwa kasuku wadogo wenye mashavu meusi wanaoishi porini kusini mwa Zambia, ambao hawapatikani mahali pengine duniani.

Kirusi hicho ni cha jamii ya kasuku. Si hicho kinachomaliza banda la kuku. Lakini vyote viwili vinatufundisha jambo moja: binadamu akibeba ndege, anabeba na virusi vyao, na virusi vya mbali vinakutana mahali ambapo visingekutana kamwe.

KWA NINI CHANJO YA ZAMANI INASHIKA KIRUSI KIPYA?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Chanjo ya LaSota, ambayo wengi wanaifahamu, inatokana na kirusi kipole kilichopatikana New Jersey, Marekani, mwaka 1946. Ni cha ukoo wa II. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ni ya ukoo wa I. Virusi vinavyoua kuku wa Afrika leo ni vya koo nyingine. Inawezekanaje basi?

Inawezekana kwa sababu askari wa mwili hawasomi maandishi ya ndani. Wanatazama sura ya nje. Koo za Newcastle zinatofautiana kwa herufi, lakini sura zao bado zinafanana vya kutosha, hata wataalamu wanazihesabu zote kuwa aina moja mbele ya kinga ya mwili. Ni kama watoto wa baba mmoja: majina mbali mbali, miji mbali mbali, lakini ukimwona mmoja unatambua ni wa nyumba ile. Kuku aliyechanjwa vizuri, mwenye askari wengi, hatakufa kwa kirusi cha ukoo mwingine.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wafugaji hawaambiwi mara nyingi, nalo ndilo kubwa katika makala hii. Chanjo inazuia kifo kuliko inavyozuia kirusi kupita. Kuku aliyechanjwa akikutana na kirusi kikali anaweza kubaki mzima na bado akakitoa kwa mdomo na kinyesi kwa siku kadhaa. Anakitoa kidogo kuliko asiyechanjwa, lakini anakitoa. Na majaribio yameonyesha kwamba kadiri ukoo wa chanjo unavyokuwa mbali na ukoo wa kirusi, ndivyo kirusi kinavyotoka zaidi. Nchini China, kwa sababu hiyo, wametengeneza chanjo inayotokana na ukoo wa VII.

Maana yake kwetu ni hii: ukichanja peke yako, unaokoa kuku wako, lakini kuku wa jirani asiyechanja wanaweza kufa kwa kirusi kilichopita katika banda lako. Naye akiona kuku wako wazima na wake wamekufa, urafiki unaharibika na maneno ya uchawi yanaanza. Chanjo ya Newcastle ni kazi ya kijiji kizima, si ya mtu mmoja mwenye bidii.

BASI KWA NINI KUKU WALIOCHANJWA WANAKUFA?

Kabla ya kumlaumu kirusi, koperative ipitie sababu hizi moja moja.

Chanjo ilikufa kwa joto. LaSota ni kirusi hai na inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwa kuku. Umeme ukikatika siku mbili na frigo ikapata moto, chupa inaonekana ile ile lakini ndani hamna kitu tena. Chanjo ya I-2 inavumilia zaidi: ikiwa kavu na ikitunzwa gizani, inadumu wiki 8 kwenye nyuzi 28. Haimaanishi kwamba unaweza kuiacha juani.

Maji yaliiua. Maji ya bomba yana dawa ya klorini, na dawa hiyo inaua chanjo. Maji hayo yaache wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Usitumie chombo cha chuma wala ndoo iliyooshwa kwa sabuni au javeli.

Chanjo ilikuja imechelewa. Mwili wa kuku unahitaji wiki moja mpaka mbili kutengeneza askari. Ukichanja wakati kuku wa kwanza amekwisha kufa, wengine wana kirusi tayari, na mikono ya mchanjaji inakipeleka kwa waliobaki.

Ilitolewa mara moja tu. Kinga haidumu maisha yote. Tone la I-2 katika jicho linarudiwa kila miezi 4, na vifaranga wapya wanahitaji lao. Chanjo ya kunywa ni rahisi lakini ina nguvu kidogo, kwa sababu kuku hawanywi sawa sawa, na inahitaji kurudiwa mara nyingi zaidi.

Haikuwa Newcastle. Kipindupindu cha kuku, ambacho kinaletwa na bakteria, kinaua ghafla vile vile. Homa ya ndege pia: mwaka 2017 aina ya H5N8 ilithibitishwa Ituri, karibu na Ziwa Albert. Kwa macho tu, hata daktari hawezi kuyatenganisha kwa uhakika.

KAZI YA KOPERATIVE

Hapa ndipo koperative ina nguvu kuliko mtu mmoja. Chupa moja ya chanjo ina dozi mia moja, mia mbili na hamsini au zaidi. Mama mwenye kuku 12 akinunua chupa nzima, atatupa iliyobaki, maana ikishachanganywa haikai. Lakini jamaa 25 zenye kuku 10 kila moja zinamaliza chupa ya dozi 250 asubuhi moja, na bei ikigawanywa inakuwa kidogo kwa kila kuku. Tunashauri hivi:

1. Wekeni kalenda ya mwaka, mara tatu, kila miezi 4. Mara moja katika hizo iwe mwezi wa 4, kabla kiangazi hakijaanza, kwa sababu katika sehemu nyingi za Afrika Newcastle inapiga zaidi wakati wa kiangazi.

2. Wiki moja kabla, pigeni hesabu ya kuku wote wa kila lupango, wa wanamemba na wasio wanamemba. Mwenye kukosa pesa siku ile aandikwe, alipe baada ya kuuza. Kuku wake akibaki bila chanjo, hasara ni ya wote.

3. Chagueni wachanjaji wawili au watatu, mama na papa, wafundishwe na veterinere. Chanjeni asubuhi mapema, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Tone moja, jicho moja, kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Ngojeni tone liingie ndipo mwachilie.

4. Chupa ibebwe kwenye sanduku la barafu au imefungwa kwa kitambaa kibichi, isione jua. Ikifunguliwa, itumike siku ile ile.

5. Andikeni katika daftari: tarehe, jina la chanjo, namba ya chupa, tarehe ya mwisho wake, idadi ya kuku. Ugonjwa ukija, daftari hili litamwambia veterinere mahali pa kuanzia.

6. Kuku anayetoka sokoni, au ndege yeyote mgeni, akae peke yake wiki mbili hadi tatu, mbali na wengine, na chombo chake cha maji. Anayemhudumia amhudumie mwisho, kisha anawe mikono.

UGONJWA UKIINGIA

Kuku watatu au wanne wakifa ndani ya siku mbili, usikimbilie soko. Najua uchungu wake: mtu anaona pesa zake zinaanguka, anataka kuuza walio hai kabla hawajafa. Lakini kuku yule atapeleka kirusi mpaka kijiji cha mnunuzi, na mwezi ujao kitakurudia kwenye kikapu kingine.

Mwite veterinere wa eneo siku ile ile. Waliokufa wafukiwe ndani au wachomwe, wasitupwe mtoni wala kwa mbwa. Manyoya na kinyesi vifukiwe pia. Usipasue kuku mgonjwa kwa mikono mitupu. Newcastle inaweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku chache, na kama ni homa ya ndege hatari ni kubwa zaidi.

Veterinere akitaka kuchukua kuku aliyekufa karibuni, au kufuta koo la mgonjwa kwa pamba kwa ajili ya labo, msimkatalie. Wengine wanaona ni kupoteza nyama. Lakini lahaja ile ya Congo isingejulikana kama wafugaji wa 2018 na 2019 wangeficha kuku wao. Vipande vile vinaonyesha ni ukoo gani unazunguka, umetoka wapi, na kama kweli siku moja itabidi chanjo ibadilishwe. Hapa Lubumbashi tuna bahati: Chuo Kikuu chetu kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na vijana wake wanajifunza kazi hii. Wanachohitaji kutoka kwetu ni taarifa ya mapema.

Kirusi kitaendelea kubadilika. Hilo hatuwezi kulizuia. Tunachoweza kukizuia ni nafasi. Kila kuku ambaye hakuchanjwa ni daftari tupu ambamo kirusi kinanakili tena na kukosea tena, na siku moja kosa mojawapo linaweza kuwa baya kuliko yote yaliyotangulia. Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa koperative yenu, wekeni jambo moja juu ya orodha: tarehe ya chanjo, na jina la mtu atakayeishika ile chupa.